Pawa Saplai Inayoshindwa Kompyuta Ikiwa Haina Kazi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wa fani ya umeme na kompyuta, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mlio katika mafunzo: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie pawa saplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa gridi kuwa volti ndogo za kompyuta, na najua wengi wenu mnatarajia nianze na wati. Mteja anayeingia dukani swali lake la kwanza ni wati ngapi, muuzaji anamjibu kwa kusoma lebo, na biashara inaishia hapo. Leo nitashika upande wa pili wa jambo hilo. Nataka tuzungumze juu ya pawa saplai inayofanya kazi vizuri kabisa kompyuta inapochakata video au kucheza mchezo mzito, kisha inazima ghafla au kuganda pale kompyuta inapokaa kimya bila kazi yoyote. Ninachokuja kukisema ni kwamba uwezo wa pawa saplai una ncha mbili. Ncha ya juu tunaijua na tunaigombania bei. Ncha ya chini, yaani mkondo mdogo kabisa ambao pawa saplai inaweza kuutoa huku volti zake zikibaki mahali pake, hatuipimi, haiandikwi kwenye lebo, na ndiyo iliyoleta mashaka makubwa mwaka 2013 ambayo mabaki yake bado yanaingia katika karakana zetu.

Mwezi Juni 2013 Intel ilizindua prosesa za kizazi cha nne za familia ya Core, zinazojulikana kwa jina la Haswell, zilizotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 22 na zinazokaa kwenye soketi ya LGA1150. Wiki chache kabla ya uzinduzi huo zilisambaa habari kwamba prosesa hizo, zikiingia katika usingizi wa kina unaoitwa C6 na C7, zingehitaji pawa saplai inayoweza kubaki imara hata kama mkondo unaopita kwenye njia ya volti 12 inayolisha prosesa umeshuka hadi ampea 0.05. Mwongozo wa Intel uliotangulia ulikuwa umewaruhusu watengenezaji kuchukulia kwamba njia hiyo haitashuka chini ya ampea 0.5. Tukizidisha kwa volti 12, tunapata wati 6 kwa kiwango cha zamani na wati 0.6 kwa kiwango kipya. Kwa mtu wa kawaida wati 6 na wati 0.6 zote ni kitu kidogo kisichostahili mjadala. Kwa saketi iliyosanifiwa kwa kuamini kwamba daima kutakuwa na wati 6 upande wa pili wa waya, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Zingatieni pia umbali uliopo kati ya ncha hizo mbili. Prosesa ya Core i7-4770 ina kiwango cha joto cha wati 84, ambacho kwa volti 12 ni takriban ampea 7, bila kuhesabu upotevu wa saketi za bodi kuu (motherboard). Kutoka ampea 7 hadi ampea 0.05 ni mara 140. Wala prosesa haishuki taratibu kama jua la jioni. Kwa mujibu wa jedwali lililomo ndani ya kernel ya mfumo wa uendeshaji wa Linux, Haswell huhesabiwa kutoka katika usingizi wa C6 kwa mikrosekunde 133 na katika C7 kwa mikrosekunde 166, maana yake ndani ya muda usiofikia hata sehemu moja ya tano ya milisekunde mzigo unaweza kutoka karibu na sifuri na kuanza kupanda kuelekea makumi ya wati, kisha ukashuka tena, na hali hiyo ikajirudia mara nyingi kwa sekunde wakati wewe unasoma barua pepe.

Hapa inabidi nieleze hizi herufi na namba, kwa sababu zinachanganywa sana. Kuna hali za kulala za kompyuta nzima, nazo huandikwa kwa herufi S. Ukiiambia kompyuta ilale na ikaingia S3, pawa saplai yenyewe inazima njia zake kuu zote, na kinachobaki ni volti 5 za akiba kwenye waya wa zambarau, ambazo zinatunza kumbukumbu ya RAM na kusubiri ubonyeze kitufe. Hali za C ni jambo jingine kabisa. Hizo ni za prosesa peke yake, na zinatokea wakati kompyuta imewashwa, skrini inaonekana, na pawa saplai iko kazini kwa njia zake zote. Katika C0 kiini cha prosesa, yaani sehemu yake inayofanya hesabu, kinatekeleza amri. Katika C1 mapigo ya saa ya kiini yanasimamishwa lakini umeme upo. Katika C3 kiini kinamwaga yaliyomo kwenye kashe yake ndogo, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kuelekea kashe kubwa ya pamoja. Katika C6 hali yote ya kiini, yaani yaliyomo kwenye rejista zake, huhifadhiwa pembeni na umeme wa kiini hicho hukatwa kabisa. C7 inafanana na C6, ila viini vyote vikishalala, kashe kubwa nayo humwagwa ili izimwe. Kwa hiyo mteja akikwambia kompyuta yake haiamki baada ya kuilaza kwa kitufe, usikimbilie C6 na C7. Hilo mara nyingi ni tatizo la S3 na lina uchunguzi wake mwingine. Akikwambia inazima yenyewe akiwa ameiacha wazi kwenye meza wakati anakunywa chai, hapo ndipo somo la leo linapoanza.

Sasa tuingie ndani ya pawa saplai, maana sababu yote imo humo.

Pawa saplai za bei nafuu, hasa zile zinazokuja bure pamoja na kasha, kwa sehemu kubwa hutumia mpango ambao volti 12 na volti 5 zinadhibitiwa kwa pamoja. Transfoma ni moja, na nyaya za volti 12 na za volti 5 zimezungushwa kwenye koili moja ya duara upande wa kutolea umeme. Chipu inayodhibiti upana wa mapigo haiangalii volti 12 peke yake wala volti 5 peke yake. Inapokea mchanganyiko wa zote mbili, inalinganisha na kiwango inachokitaka, kisha inapanua au kupunguza mapigo kwa ajili ya zote kwa mara moja. Mpango huu ni kama maji yanayobebwa kwa mzegamzega: mbebaji anaweza kutembea vizuri mizigo ikilingana, lakini ndoo moja ikimwagwa, upande wake unapaa hata kama mbebaji hajakosea hatua. Njia ya volti 12 ikikosa mzigo wakati ile ya volti 5 bado ina mzigo wa kutosha, volti 5 inataka kushuka, chipu inapanua mapigo ili kuinyanyua, na upanuzi huohuo unaisukuma volti 12 juu kupita mahali pake.

Mwongozo wa ATX, unaopanga vipimo vya pawa saplai za kompyuta za mezani, wakati ule uliruhusu njia ya volti 12 iyumbe kwa asilimia 5 tu kila upande, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Kinga ya volti kuzidi, kwa mujibu wa mwongozo huohuo, hukata umeme mahali fulani kati ya 13.4 na 15.6. Ukiangalia vizuri mtaona kuna pengo kati ya 12.60 na 13.4, ambamo pawa saplai imeshavunja sheria lakini kinga haijaingilia. Kompyuta inaweza kuishi humo kwa miezi, feni zikizunguka kwa kasi kidogo kuliko kawaida na kila kilichounganishwa kwenye waya wa njano, ule wa volti 12, kikipokea volti zilizozidi, bila mwenye kompyuta kujua lolote. Kuna nyingine ambazo zikikosa mzigo hazipandi sana ila zinaanza kutapatapa, mapigo yanarukwa, mawimbi kwenye volti yanaongezeka, na prosesa ikiamka ghafla inakuta umeme hauko tayari. Hapo kompyuta inaganda au inajiwasha upya, na kumbukumbu za mfumo hazioneshi kosa lolote la maana.

Pawa saplai za daraja la juu ziliondokana na tatizo hili kwa njia ambayo mimi huiona kuwa ya kupendeza kwa urahisi wake. Transfoma inatengeneza volti 12 tu. Volti 5 na volti 3.3 zinapatikana kwa vigeuzi vidogo ndani ya pawa saplai hiyohiyo vinavyochukua volti 12 na kuzishusha. Matokeo yake ni kwamba kila mzigo wa volti 5, iwe kipanya, kibodi au diski ya SSD isiyo na sehemu inayozunguka, unageuka kuwa mzigo wa volti 12 kabla haujafika kwenye transfoma. Prosesa inaweza kulala fofofo, lakini upande wa volti 12 haubaki mtupu kamwe. Ndiyo sababu mwaka 2013 kampuni kama Corsair, Seasonic na Cooler Master zilipotoa orodha za bidhaa zao zinazoelewana na Haswell, zilizokuwa na muundo huu ziliwekwa kwenye orodha bila taabu, na mashaka yakabaki kwa zile za muundo wa zamani.

Je, hofu ile ilikuwa ya haki? Kwa maoni yangu ilikuwa na msingi katika nadharia, na ilikuzwa kuliko kawaida katika maduka, ambako lebo za kusema bidhaa iko tayari kwa Haswell zilibandikwa hata kwenye maboksi ya pawa saplai ambazo hazijawahi kuwa na tatizo. Kuna mambo mawili yaliyopunguza ukali wake. La kwanza ni kwamba, ingawa miongozo huigawa volti 12 katika njia mbili au zaidi, ndani ya pawa saplai nyingi chanzo cha volti 12 ni kimoja, na mgawanyo ni wa vipima mkondo tu. Kwa hiyo hata njia ya prosesa ikishuka hadi ampea 0.05, feni, kadi ya picha na diski ya kuzunguka bado zinavuta kutoka chanzo kilekile. La pili ni kwamba watengenezaji wengi wa bodi waliamua kuzizima C6 na C7 katika mipangilio ya kiwandani ya bodi za kompyuta za mezani, wakamwachia mtumiaji aziwashe akitaka. Watu wengi waliobaki na pawa saplai za zamani hawakuona chochote kwa sababu prosesa zao hazikuwahi kuruhusiwa kulala kiasi hicho.

Lakini naomba tuitazame hoja ile ya kwanza kwa jicho la karakana zetu, kwa sababu hapa kwetu kompyuta za kizazi kile bado ziko kazini kwa wingi. Ni kazi gani tunayoifanya zaidi kwenye kompyuta ya mwaka 2013 au 2014 inayoletwa kwa malalamiko kwamba imekuwa nzito? Tunatoa diski ya kuzunguka, tunaweka SSD. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 ina mota inayotumia volti 12, na inapozunguka bila kusoma wala kuandika inavuta kwa kawaida ampea 0.3 hadi 0.5 kutoka kwenye waya wa njano. SSD ya inchi 2.5 ya SATA inatumia volti 5 peke yake. Maana yake, kwa kitendo kimoja kizuri tulichomfanyia mteja, tumeondoa mzigo wa volti 12 uliokuwa unaishikilia pawa saplai, na SSD haikurudisha chochote upande huo. Mteja asiye na kadi ya picha ya ziada, mwenye feni moja au mbili, amebaki na njia ya volti 12 ambayo kwa kweli haina kitu pindi prosesa inapolala. Baada ya wiki anarudi na kusema: fundi, tangu uniwekee hiki kitu, kompyuta inazima yenyewe. Tukiwa wavivu tutamwambia SSD ni mbovu, tutambadilishia, na atarudi tena na malalamiko yaleyale.

Niseme haraka kwamba hili haliwahusu wenye kompyuta za ofisi za chapa kubwa kama zilivyotoka kiwandani. HP na Dell, kwa mfano, katika kompyuta nyingi za ofisi za miaka ile walitumia pawa saplai za kwao zinazotoa volti 12 tu, na bodi yenyewe ndiyo inayoshusha volti 5 na 3.3. Humo hakuna mzegamzega. Hatari huja pale pawa saplai ya asili inapokufa, ile mpya ya aina yake inapokosekana, na fundi anapotafuta adapta ya nyaya ili afunge pawa saplai ya kawaida ya ATX aliyoiona dukani kwa bei nafuu. Kazi hiyo inawezekana na wengi wenu mmeifanya, lakini mfahamu kwamba mmebadilisha pia tabia ya mfumo mzima wa umeme wa kompyuta hiyo.

Namna ya kuitambua pawa saplai ya aina hii bila kutegemea lebo ni kuifungua, na kabla sijaendelea niwatahadharishe wanafunzi: kapasita kubwa iliyo upande wa kuingilia umeme wa gridi hubaki na chaji ya volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na katika zile zenye saketi ya kusahihisha mtumio wa umeme inaweza kukaribia 400. Asiyejua kuitoa chaji hiyo kwa usalama asiguse. Kwa anayejua, atazame upande wa kutolea nyaya. Akiona koili mbili za duara, moja kubwa yenye nyaya za unene tofauti zilizozungushwa pamoja na nyingine ndogo zaidi, basi hiyo kwa kawaida ni ya udhibiti wa pamoja. Ile kubwa ni ya 12 na 5, ile ndogo ni ya 3.3. Akiona bodi ndogo moja au mbili zilizosimama wima, zenye koili zao ndogo na kapasita ndogo ngumu, hivyo ndivyo vigeuzi vya kushusha volti 12, na hapo anaweza kupumua. Anayenunua bila ruhusa ya kufungua aangalie uzito na bei, ingawa nakiri hivyo ni vipimo vya kukisia.

Nembo ya 80 PLUS, inayothibitisha ufanisi wa pawa saplai, haimsaidii sana mnunuzi katika jambo hili, na nasisitiza kwa sababu tumezoea kuitumia kama cheti cha ubora wa kila kitu. Vipimo vyake hufanyika katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100, na daraja la Titanium ndilo linaloongeza asilimia 10. Pawa saplai ya wati 500 kwa asilimia 20 inatoa wati 100. Kompyuta ya Haswell isiyo na kadi ya picha, ikiwa imetulia, mara nyingi haifiki hata nusu ya hizo. Kwa maneno mengine kompyuta hiyo inatumia sehemu kubwa ya maisha yake katika eneo ambalo nembo haikuwahi kulipima. Na mteja aliyeshauriwa kununua wati 700 ili awe salama amesogezwa mbali zaidi na eneo lililopimwa.

Tufike kwenye uchunguzi. Kompyuta inazima au inaganda ikiwa haina kazi, na ikipewa kazi nzito inakaa saa nzima bila shida. Dalili hiyo ya kinyume ndiyo alama yake kuu, kwa sababu pawa saplai iliyochoka kwa kawaida hushindwa mzigo unapopanda. Chukua mita, iweke kwenye volti za moja kwa moja, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya pini nne iliyo wazi. Soma kompyuta ikiwa kimya kabisa, programu zote zimefungwa. Kisha chomeka vifaa vya USB vinavyokula umeme, simu mbili tatu za kuchaji zinatosha, na usome tena. Katika pawa saplai yenye afya namba itasogea kwa sehemu ndogo sana. Ukiona inapanda kuelekea 12.5 na zaidi kila unapoongeza mzigo wa volti 5, umeshapata jibu, maana mzigo umeongezwa upande mmoja na volti zimepaa upande wa pili. Baada ya hapo anzisha programu ya kuitwisha prosesa kazi, na uone namba ikishuka kurudi karibu na 12. Mita ya kawaida haioni mawimbi ya haraka, kwa hiyo namba nzuri kwenye mita haimaanishi kwamba umeme ni safi. Mwenye osiloskopu, kifaa kinachoonesha mawimbi ya umeme kwenye skrini, ana faida kubwa hapa.

Hatua inayofuata ni kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi, na kuzima C6 na C7, au kwa anayetumia Linux, kuongeza neno intel_idle.max_cstate=1 wakati wa kuwasha ili prosesa isiende mbali zaidi ya C1. Kompyuta ikikaa siku kadhaa bila kuzima, tuhuma zimepata nguvu. Ikiendelea kuzima vilevile, acha kuisingizia hali ya usingizi. Kagua kapasita zilizovimba, kagua RAM, kagua kitufe chenyewe cha kuwashia, ambacho nimeona kikiwasumbua mafundi wazima kwa sababu tu kilikuwa kimeshika kutu na kufunga saketi chenyewe.

Msidhani kwamba mambo haya yaliisha na Haswell wala kwamba ni ya Intel pekee. Prosesa za Ryzen za AMD zilipotoka mwaka 2017, watumiaji wa Linux walianza kulalamika kwamba kompyuta zao mpya zinaganda zikiwa zimetulia, tena usiku, zikiwa hazina kazi. Katika bodi nyingi za Ryzen leo mtakuta chaguo lililoandikwa "Power Supply Idle Control", lenye thamani "Low Current Idle" na "Typical Current Idle". Ukichagua hiyo ya pili, mkondo wa chini unanyanyuliwa na prosesa hairuhusiwi kuzama hadi chini kabisa, na kwa wengi waliokuwa na tatizo la kuganda, hiyo ilikuwa tiba. Mimi nachukulia jina la chaguo hilo kuwa ni ungamo la watengenezaji wenyewe: limeitwa kwa jina la pawa saplai ingawa linabadilisha tabia ya prosesa.

Upande wa miongozo, mabadiliko yamekuja kwa shinikizo la sheria za nishati zaidi ya malalamiko ya mafundi. Jimbo la California liliweka masharti ya matumizi ya umeme kwa kompyuta za mezani yaliyoanza kutumika mwaka 2019 na kukazwa mwaka 2021, na kwa kuwa masharti hayo yanaipima kompyuta ikiwa imetulia, miongozo ya Intel ya miaka hiyo ikaanza kuwadai watengenezaji wa pawa saplai ufanisi katika mzigo mdogo sana, wa wati 10 au asilimia 2. Wakati huohuo ukatokea mwongozo wa ATX12VO, ambao unaondoa volti 5 na 3.3 ndani ya pawa saplai na kuziachia bodi. Kompyuta za ofisi tulizozitaja zilikuwa zimefika huko miaka mingi kabla.

Nikiulizwa, basi, tufanye nini na kompyuta iliyoko mezani leo, nitajibu kwa kutazama mfuko wa mteja. Mwenye uwezo abadilishiwe pawa saplai, apewe yenye vigeuzi vya ndani, ya wati 400 au 450 za kweli badala ya 700 za kwenye karatasi. Asiye na uwezo azimiwe C6 na C7, na aelezwe gharama yake. Chukueni mfano wa maabara ya shule yenye kompyuta 20 zinazotumia umeme wa jua: kila moja ikiongeza wati 3 kwa saa 10 za siku, ni wati-saa 600 zinazotoka kwenye betri kila siku bila kazi yoyote kufanyika. Kwa duka lenye kompyuta moja kwenye gridi, gharama hiyo haistahili kumkosesha mtu usingizi. Ipo pia njia ya tatu ambayo baadhi yenu mnaipenda, ya kuunga rezista ya omu 24 kati ya njano na nyeusi. Hesabu yake ni sahihi: inavuta ampea 0.5, yaani ile ileile ambayo mwongozo wa zamani uliichukulia kuwa ipo, na inatoa joto la wati 6 wakati wote kompyuta imewashwa, kwa hiyo isiwe chini ya rezista ya wati 10 na isikae karibu na plastiki. Mimi siipendi, kwa sababu inateketeza umeme hata prosesa ikiwa macho, lakini ni bora kuliko kumrudishia mteja diski ya zamani.

Na kwa wale mnaochagua njia ya kuzima C6 na C7, au kuchagua ile thamani ya pili kwenye Ryzen, bandikeni karatasi ndani ya kifuniko cha kasha yenye tarehe, mpangilio mliobadilisha na sababu yake. Betri ya CR2032 kwenye bodi ikifa, au mtu akirudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, mabadiliko yenu yanaweza kufutika, kompyuta itaanza kuzima upya, na fundi atakayeipokea siku hiyo huenda asiwe wewe.